Kijiko Kimoja, Kijiji Kizima

Pale Isevya, zamani, kabla sijang'oa hata jino moja, palikuwa na duka la Mwarabu mzee ambaye babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe za ndovu, akaoa, akapanda mitende nyuma ya nyumba, akasahau njia ya kurudi kwao. Duka lenyewe halikuwa na kitu cha ajabu. Sabuni ya mche, mafuta ya taa, kanga, tende za gunia. Lakini watu walijazana pale tangu asubuhi, na wengi wao hawakununua hata kibiriti. Walikuja kumsikiliza kasuku.

Kasuku yule aliletwa kutoka upande wa Manyema, huko Kongo, na kwa maneno yake ungedhani alilelewa stendi. Mtoto akiingia dukani, anamwambia, "Shikamoo." Mtu mzima akiingia, hasa mwenye heshima zake, kasuku humtazama kwa jicho moja, akatulia kama kadhi, kisha akasema polepole, "Tumbo hilo! Tumbo hilo!" Siku moja akamwambia hivyo mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mbele ya sisi wanafunzi wake, na mwalimu kweli alikuwa na tumbo. Mke wa mwenye duka aliona haya mno hata akatoka na uzi mwekundu, akamfunga kasuku mdomo.

Nilikwenda kumtazama. Alikuwa juu ya kijiti chake, kimya, uzi umemzunguka mdomo mara nyingi, macho yanazunguka. Tulimcheka sana. Kesho yake alipofunguliwa hakusema neno mpaka jua likawa kali, ndipo akamgeukia yule bibi mwenye uzi akamwambia, "Na wewe pia!" Mtaa mzima ulicheka. Mama yangu peke yake hakucheka. Alikuwa anageuza vitumbua vyake barazani, akasema, "Aliyefungwa mdomo ana nafasi ya kufikiri."

Sijui kasuku yule aliishia wapi. Nimemkumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu, ambaye juzi alirudi na mama yake kutoka hospitali ya Kitete akiwa amepakwa mdomo mzima dawa ile ya zambarau, midomo imevimba, mate yanamtoka, hali chakula, halali usingizi. Mambo ya mdomo yanaitana. Nikamuuliza binti yangu, wamesema mtoto ana nini? Akanijibu anacheka, "Aa, mama, vidonda tu. Nesi kasema vinawatokea sana watoto, vitapona vyenyewe. Ila asichangie kijiko na wenzake, maana vinaambukiza."

Nikainuka nikatoka nje. Wao walidhani naenda kuona kuku. Nilikwenda kukaa juu ya kinu. Kijiko! Miaka yote hii, kumbe kijiko! Wengine wakishajua ukweli wa jambo la zamani hupumua, wanasema basi, yamekwisha. Mimi nilipoujua ndipo hasira ilipoanza upya, mbichi kama ya jana. Kwa hiyo nimekaa niyaandike kwa mwandiko huu niliofundishwa kwenye ngumbaru, na herufi zikilala mniwie radhi.

Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka ile miaka ya kuitwa vijijini. Wengine mlipelekwa kwa lori mkiwa mnalia, na nyumba zenu nyuma zikiwaka moto. Sisi tulikwenda kwa hiari. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, na watoto wawili walionitangulia walikuwa mbele ya haki, ndiyo maana mimi naitwa Tatu. Mama alichoka kuuza vitumbua na kudaiwa kodi ya chumba. Aliposikia redioni kwamba kijiji cha ujamaa shamba ni la wote na chakula ni cha wote, alisema, "Basi hata mjane atakula." Akafunga mizigo. Lori likatupeleka upande wa machweo, tukiifuata ile njia ya zamani ya wapagazi, ambayo wakati huo ilikuwa imebaki kama kovu tu katikati ya pori.

Kijiji kilikuwa na watu wema. Mwenyekiti, Mzee Shija, alikuwa Mnyamwezi mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akisalimu mpaka mbuzi. Jirani yetu, Mama Kulwa, alikuwa Msukuma wa kutoka Ziba, mama wa mapacha, mnene, mcheshi, mdomo haujawahi kumpumzika. Asubuhi alipiga kelele toka kwake, "Mwangaluka!" na mama, ambaye Kisukuma hakijui, alimjibu, "Na wewe pia, dada yangu," na wote wawili waliridhika.

Halafu alikuwepo yeye. Jina lake nalijua, na jina la baba yake nalijua, lakini niliapa tangu nikiwa na meno ya utoto kwamba halitapita kwenye kinywa changu, wala leo halitapita kwenye kalamu yangu. Tulimwita Bwana Stoo, maana yeye ndiye aliyetunza stoo ya kijiji. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, kama hirizi. Alikuwa mtanashati, shati limepigwa pasi hata siku ya kulima, na alipenda kusimama mlangoni pa stoo ameweka mguu mmoja juu ya jiwe, akitutazama kama sisi ndio ghala lake.

Mali kubwa ya kijiji ilikuwa asali. Wanaume walitundika mizinga porini, wakarina, wakakamua, asali ikajazwa kwenye madebe na kusubiri lori kutoka mjini. Madebe yalikaa stoo. Na siku chache kabla ya lori kufika, baadhi yakakutwa matupu, yamerambwa safi. Mlango mzima, kufuli zima. Leo mtu yeyote mwenye akili angeuliza swali moja tu, nani ana ufunguo. Lakini Bwana Stoo aliwahi kusema kabla ya wengine kufikiri. Alituonyesha kidirisha cha nyuma, chembamba, kilichopungua nondo moja. "Mtu mzima hapenyi hapa," alisema. "Huyu ni mtoto. Ametumwa na wakubwa, ama ni mlafi wake mwenyewe."

Akaitisha watu wote mbele ya stoo. Nakumbuka maneno yake kwa sababu yalinipendeza, Mungu anisamehe, alikuwa anajua kusema. "Ndugu zangu, kwa mganga hatuendi, ujamaa hautaki ushirikina. Msahafu hatushiki, maana wengine humu ni wa msalaba na wengine ni wa mizimu. Asali ni mali yetu sote. Basi asali yenyewe ndiyo itakayohukumu. Kila mtu atalamba. Asiye na hatia, utamu. Mwizi, mdomo wake utaoza."

Tukapanga mstari, wazee mbele, watoto waliokwisha kuota meno nao wamo. Sitawaficha, mimi niliona ni sikukuu. Asali ilikuwa nyeusi, nzito, inanukia moshi na maua ya miyombo, na alikuwa akiichota kwa kijiko kimoja kikubwa cha mninga. Mzee Shija akalamba wa kwanza. Kijiko kikarudi kwenye debe, akalamba anayefuata. Kijiko kile kile. Kikaingia kwenye vinywa vya wavuta kiko, vya watafuna tumbaku, vya wenye mafua, vya vikongwe wasio na meno, kikafika kwangu, kimelowa na kina joto. Nikakilamba mpaka mpini. Mama, kwa kuwa sisi tulikuwa watu wa kuja, alikuwa wa mwisho kabisa. Akalamba, Bwana Stoo akakifuta kijiko kwa jani, akakichomeka mkandani, akafunga stoo.

Vidonda vilinianza siku chache baadaye. Kwanza ulimi uliwasha kwenye ncha kama nimelamba majivu. Kisha ndani ya mdomo wa chini nikahisi kitu kama punje ya mtama. Asubuhi iliyofuata zilikuwa punje nyingi, kwenye ufizi, kwenye kaakaa, chini ya ulimi, nyeupe juu na nyekundu pembeni, na kila moja ilikuwa na mapigo yake ya moyo. Ulikuwa wakati wa ule unga wa njano wa msaada, mnaujua, ugali wake mkavu unakwaruza hata koo zima. Tonge likigusa, machozi yanatoka yenyewe. Nilimeza bila kutafuna. Maji ya mtungini yalichoma. Mate yangu mwenyewe yalichoma. Usiku nililala mdomo wazi ili shavu lisiguse jino.

Nilimficha mama, kwa sababu nilijua maana yake. Mdomo wangu ulikuwa unaoza. Kwa hiyo mimi ni mwizi. Wala sikusema kwamba asali imekosea. Mtoto huamini alichoambiwa na mtu mzima mwenye shati la pasi. Nilifikiri sana ni lini niliiba, sikukumbuka, nikaona basi nimeiba usingizini. Nilijiona nainuka, macho yamefumba, napenya kwenye kile kidirisha, nakunywa asali, narudi kulala. Kuanzia siku hiyo nilijifunga mguu kwenye tendegu la kitanda kwa kipande cha kanga kabla ya kulala, na kila nilipoamka kitu cha kwanza nilinusa vidole vyangu. Vilinuka moshi. Asali nayo inanuka moshi. Nikawa na hakika kabisa.

Mapacha wa Mama Kulwa ndio walioniona. Tulikuwa tunakula kwao, nikapewa muhogo wa moto, nikapiga ukelele. "Ana vidonda! Tatu ana vidonda!" Mama yao hakucheka kama kawaida yake. Alijivuta kanga mpaka kwenye pua, akasema kwa sauti ya ajabu, "Nyamazeni, nyie watoto." Lakini mapacha wakishajua neno, kijiji kimejua.

Mama alikuwa kisimani Bwana Stoo alipokuja kunichukua. Alinishika mkono kwa upole, akanipeleka mpaka kwenye lile jiwe lake, akaniambia nipande juu ili watu waone vizuri. "Fungua kinywa, binti." Nikafungua. Watu wakasema aaah. Halafu alitoa mfukoni chumvi, ile ya mawe, akaisaga kidogo kiganjani. "Uchafu husafishwa," akasema, akaniingiza kidole gumba mdomoni akanisugua. Polepole, kama anayepiga kiatu rangi. Ufizi wa juu, ufizi wa chini, chini ya ulimi. Kidole kilinuka mafuta ya taa na tumbaku. Niliona weupe mbele ya macho. Nilijikojolea juu ya jiwe lake, na hilo ndilo jambo pekee la siku ile ninalolifurahia.

Kisha akatangaza. Siku ya kazi ya shamba la ujamaa, watu wote wakiwa wamekaa kula, mtoto asimame aungame. Akiungama, kijiji kitamsamehe na sisi tutabaki. Asipoungama, mama na mtoto warudi walikotoka. Mzee Shija alikuwepo, na mimi nilimtazama, nikitegemea atasema neno. Alikuwa amefumba mdomo kama mtu mwenye kitu ndani. Akatikisa kichwa tu, ndiyo.

Kurudi wapi? Chumba chetu cha Isevya kilikuwa na mpangaji mwingine. Sufuria kubwa la vitumbua lilikwisha kuuzwa.

Mama aliporudi na ndoo yake alinikuta nimejikunja nyuma ya mlango. Nilidhani atapiga kelele, atakwenda kumrukia. Aliitua ndoo. Alichemsha majani ya mpera, akaacha maji yapoe, akanisukutua, mara ya kwanza damu, mara ya pili chumvi, mara ya tatu maji tu. Halafu akaniuliza, "Kidole gani?"

"Gumba, mama."

"La mkono gani?"

"Wa kulia."

"Vizuri," akasema. Na sijasikia neno "vizuri" likisemwa vile tena maishani mwangu.

Siku zilizobaki zilikuwa ndefu. Kisimani walinitengea kata yangu peke yangu ya kunywea maji, iliyopasuka. Watoto wakanitungia mchezo, mmoja anakuwa mimi, anafungua mdomo, wengine wanakimbia wakiziba pua. Mama yeye akawa mtu mwingine. Akimwona Bwana Stoo anamwamkia kwa kupiga magoti, kitu ambacho hakuwa akikifanya. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama Tatu, mtoto amekuwa tayari?" "Yuko tayari, baba." Nilisikia kwa masikio yangu. Jioni alizunguka nyumba hadi nyumba akiomba chumvi, akiomba moto, na yeye moto alikuwa nao. Anakaa, anawatazama watu wakila, anashukuru, anaondoka. Na siku moja akamwendea mwenyekiti akaomba yeye apike chakula cha siku ya shamba. "Ili kijiji kituwie radhi," alisema.

Mimi nikajua mama amenitupa. Amekwenda upande wao. Nilifanya mazoezi ya kuungama, nyuma ya choo, kwa maneno ya heshima. Nimeiba, wazee wangu, lakini nilikuwa nimelala.

Siku ikafika. Shamba la tumbaku lilikuwa pembeni ya stoo, ukikaa kivulini unaiona stoo yote, na nyuma yake ile njia ya zamani inakwenda zake. Watu walilima tangu alfajiri, wana njaa ya kula hata jembe. Mama alikuwa amepika ugali mwingi, maharage, na pembeni sufuria la mchuzi wa kwetu mjini, wa ukwaju. Nilimwona akiutia. Ukwaju, ndimu, chumvi mkono mzima, na pilipili, zile ndogo za kichaa, alizitwanga mpaka kuku wakapiga chafya. Akawapakulia wote, mmoja mmoja, akimwagia mchuzi juu ya maharage ili asiwepo wa kuukwepa.

Tonge la kwanza, wakameza. Tonge la pili, nikasikia watu wanavuta hewa kwa meno. Mzee Shija alishika shavu, machozi yanamteremka kwenye ndevu.

"Binti, umetia nini humu?"

"Pilipili kidogo tu, mzee. Kwetu Isevya hata mtoto anakula."

"Mtoto wa nani huyo, wa shetani?"

Watu walitaka kucheka, wakashindwa. Mmoja anameza maji, mwingine anageuza uso, mwingine anatema pembeni akijifanya kukohoa. Mama Kulwa alishika tonge lake mkononi kama anayelipima uzito. Katikati yao wote Bwana Stoo alikuwa anakula. Anachovya, anatafuna, anapuliza kidogo, anachovya tena. Alimaliza sahani akainyoosha.

"Mama Tatu, leo umetupikia kama harusini. Ongeza hapo."

"Karibu, baba. Kula ushibe," mama akamwongezea, akampigia goti.

Aliposhiba akafuta mikono, akaniita. "Tatu. Simama sasa, binti." Nikasimama. Nikafungua kinywa, nikasema, "Nime..."

"Ngoja," akasema mama. Akamgeukia Mzee Shija. "Mwenyekiti, mwanangu ataungama, mimi simzuii. Nina neno moja kabla."

"Sema, binti."

"Mama Kulwa, dada yangu, mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Wewe? Umeshiba tangu lini? Tonge hilo umelishika tangu mwanzo, litaota mizizi."

Hapo wengine wakacheka, wakashika midomo haraka. Mama akasogea akachuchumaa mbele yake, akasema kwa upole, "Fungua kinywa, dada yangu. Mimi najua. Tangu siku zile unakunywa uji wa baridi."

Mama Kulwa, yule mcheshi, akaanza kulia kama mtoto. "Sikuiba! Naapa kwa mapacha wangu, sikuiba hata tone!" Akavuta mdomo wake wa chini kwa vidole viwili. Ndani kulikuwa kama kwangu, ndugu zangu. Punje zile zile, nyeupe juu, nyekundu pembeni.

Halafu Mzee Shija, taratibu, akaweka sahani chini, akavuta mdomo wake naye. "Na mimi," akasema. "Nilidhani ni peke yangu. Nimelala siku zote hizi nikijiuliza, niliiba lini?"

Niliposikia hivyo, kitu kikanifunguka kifuani. Mzee mzima, na yeye alikuwa akijitafuta usingizini! Na baada ya yeye, mwingine, na mwingine. Kijana mmoja akaonyesha ulimi. Bibi mmoja asiye na meno akaonyesha ufizi. Wote walikuwa wameficha, kila mtu kwake, kila mtu akijiona mwizi, kila mtu akinishukuru kimoyomoyo kwamba nimewekwa juu ya jiwe mimi na siyo yeye. Sikuwasamehe upesi, hilo nalo. Kuna walionipiga kumbo kisimani huku midomo yao inawaka moto kama wangu.

"Basi kijiji kizima wezi!" akasema Mzee Shija, akaanza kucheka, na kicheko kikawauma, wakacheka wameziba vinywa, wakilia.

Bwana Stoo alisimama. Hakucheka. "Mnaona?" akasema. "Mnaona jinsi mlivyooza? Tazameni kinywa cha mtu safi." Akakifungua wazi, akageuka huku na huku ili wote tuone. Kweli kilikuwa safi. Chekundu na kizuri kama cha ndama.

"Tunaona," mama akasema, na sasa hakuwa amepiga goti. "Umekula sahani mbili. Sasa nieleze. Wa kwanza kulamba alikuwa mwenyekiti. Wa mwisho nilikuwa mimi. Baada yangu ulikifuta kijiko ukakichomeka mkandani. Wewe ulilamba saa ngapi?"

Bwana Stoo akajibu, "Mimi ndiye niliyeapisha. Mwapishaji haapi."

"Kwa nini?" akauliza Mzee Shija, kwa ile sauti yake ya chini, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Ufunguo unao shingoni," mama akasema. "Stoo ile pale. Kalete asali, ulambe mbele yetu. Kijiko kimoja tu. Kisha mwanangu ataungama, na mimi nitaungama, na mbuzi wa Mama Kulwa wataungama."

Sasa nikiwa mtu mzima nawaza, angeweza kulamba tu. Ilikuwa asali. Kiapo alikitunga mwenyewe siku ile, kwa kichwa chake, ili atufumbe macho, na yeye zaidi ya wote alijua ni uongo. Lakini alikuwa amekwisha kuiona midomo yetu. Aliona uongo wake umezaa vidonda vya kweli kwenye vinywa vya watu wasio na hatia, na bila shaka alijiuliza, kama hawa ambao hawakuiba wameoza hivi, mimi nitaozaje? Natamani angelamba. Nimetamani mara nyingi sana, kuliko ninavyotamani vitu vya halali. Natamani angelamba, akalala na hofu yake, akaamka akahisi punje ya mtama kwenye mdomo wa chini. Mtanisamehe ama msinisamehe.

Alivuta shati lake, akalinyoosha. "Naileta," akasema.

Akashuka kuelekea stoo, mwendo wa kawaida, mikono nyuma. Tulikaa kumsubiri, vidole vina ugali, nzi wanatua kwenye sahani. Mama alikuwa amesimama mbele yetu, na nikamwona akifungua fundo la pindo la kanga yake, bila kutazama, kwa vidole vinavyojua kazi. Ndani kulikuwa na chumvi ya mawe. Akaichukua kidogo, akaisaga kiganjani, akaijaribu kwa kidole gumba. Cha mkono wa kulia.

Bwana Stoo akafika kwenye jiwe lake. Akafika mlangoni. Mkono ulikwenda shingoni, tukaona akiuvua ufunguo, akautazama, akauweka juu ya jiwe. Kisha akaupita mlango, akapita kidirisha cha nyuma, akaingia kwenye ile njia ya zamani. "Anakwenda kukojoa," mtu mmoja akasema. Hakukimbia. Shati lake jeupe likaonekana kati ya miti, likapotea, likaonekana tena dogo, na hakugeuka, na hakurudi.